Kolesteroli hukaa wapi ndani ya seli? Maswali yenu

Maalim, shikamoo. Kitabu chetu kinaonyesha kolesteroli ikiwa kwenye utando wa seli. Je, tando zote zina kiasi sawa? (Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kisauni)

Marahaba, mwanangu. Si sawa hata kidogo. Utando wa nje, ule unaoizunguka seli, ndio tajiri: katika kila molekuli 100 za mafuta yake, 30 hadi 40 na ushei huwa kolesteroli. Retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, huwa na kama 5 tu, na mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ni maskini vilevile. Golgi, kituo cha kupanga na kusafirisha bidhaa za seli, iko kati, na kiasi chake hupanda kadiri unavyosogea upande wa utando wa nje.

Lakini si tulifundishwa kolesteroli hutengenezwa kwenye retikulamu? Mbona basi ndipo ilipo haba? (Msomaji, Bamburi)

Swali hili nimelipenda. Inatengenezwa pale kweli, ila haikai. Protini za uchukuzi huiondoa. Mojawapo, OSBP, hupeleka kolesteroli Golgi na kurudi na mafuta aina ya PI4P, ambayo retikulamu huyavunja. Kuvunjwa huko ndiko kunakoipa safari hiyo nguvu.

Na uhaba huo una kazi yake, kwa kuwa retikulamu ndiyo inayopima kolesteroli ya seli. Kolesteroli yake ikishuka chini ya hiyo 5 kwa 100, protini iitwayo SCAP huisindikiza protini nyingine, SREBP-2, hadi Golgi. Huko hukatwa, na kipande chake huingia kwenye kiini kuwasha jeni za kutengeneza kolesteroli, pamoja na za vipokezi, protini za juu ya seli zinazovuta LDL (chembe zinazobeba kolesteroli) kutoka kwenye damu. Ikipanda tena, SCAP huzuiliwa palepale. Palipo na kidogo, badiliko dogo huonekana upesi: tia chumvi kidogo kwenye maji ya kisima, utaonja tofauti. Itie baharini pale Nyali, nani atajua? Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, waliopata Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya udhibiti wa kolesteroli, ndio ambao maabara yao baadaye ilifichua mtambo huu.

Haya yote watu huyajuaje, na kolesteroli haionekani? (Msomaji, Mji wa Kale)

Huanza na seli nyekundu za damu. Za binadamu zilizokomaa hazina kiini wala mitokondria, kwa hiyo utando ni mmoja tu. Zitie kwenye maji yenye chumvi chache mno: zitavimba, zipasuke, himoglobini imwagike, yabaki maganda yaliyopauka. Hayo ni utando wa nje mtupu, na ukipima utakuta kolesteroli inakaribia idadi ya fosfolipidi, yale mafuta makuu ya utando.

Kwa seli nyingine hutumika kemikali iitwayo filipini, ambayo hujishika na kolesteroli na kung'aa bluu chini ya mwanga wa urujuanimno. Seli za mgonjwa wa Niemann-Pick aina ya C, ugonjwa wa kurithi, huonyesha madoa makali ndani, kwani kolesteroli imekwama kwenye laisosomu, vifuko vya kumeng'enyea vya seli. Mara nyingi mlango wa kuitoa humo, protini ya NPC1, ndio mbovu.

Maalim, tui la nazi linanijazia kolesteroli kwenye seli? (Mama wa watoto, Likoni)

Hapana, mama. Mnazi ni mmea, una steroli zake, mafuta ya jamii ya kolesteroli. Ila mafuta ya nazi mengi ni yale yaliyoshiba, na hayo huweza kupandisha LDL ya damu, kwa hiyo wali wa nazi usiwe wa kila siku. Seli yenyewe ikizidiwa huiunganisha kolesteroli na asidi ya mafuta na kuihifadhi kama matone.

Nimeandikiwa statini. Haitaziacha seli zangu bila kolesteroli? (Mzee, Changamwe)

La, mzee wangu. Dawa hii ya kushusha kolesteroli hukibana kimeng'enya kimoja cha kuitengeneza. Retikulamu ya seli za ini huhisi upungufu, SREBP-2 inaamka, vipokezi vya LDL vinaongezeka, na ini linavuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Ndivyo LDL yako inavyoshuka. Misuli ikiuma, mwone aliyekuandikia kabla hujaiacha dawa.