Kuku anayetaga akianza kupukutika manyoya, usikimbilie dawa wala kisu

Jamani mnaoanza kufuga kuku wa mayai, hili naliandika kwa sababu mwaka wangu wa kwanza liliniuma sana. Matetea walitaga vizuri karibu mwaka mzima, halafu asubuhi moja naingia bandani sakafu yote manyoya, utadhani kuna mnyama kaingia usiku, na mayai yakawa yanashuka kila siku mpaka wengine wakaacha kabisa. Nikawapa antibayotiki, nikauza wale waliobaki karibu uchi, kumbe hao ndio walikuwa watagaji wangu bora.

Iko hivi. Huko si kuumwa, kuku anabadili manyoya: anadondosha ya zamani na kuotesha mapya. Unyoya ni protini karibu wote, zaidi ya asilimia 80, na yai nalo linadai protini, mara nyingi mwili hauwezi kuhudumia vyote viwili kwa mpigo. Homoni za uzazi zinashuka, viini vilivyokuwa vinakua kwenye ovari vinafyonzwa tena, mrija wa yai unasinyaa na upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, unapauka. Kuku anapumzisha kizazi. Mara nyingi chanzo ni mwanga wa mchana kupungua, ila hata maji yakikosekana siku moja mbili, au njaa, joto kali, hofu, wanaweza kuanza kabla ya wakati wao, kwa hiyo kuku wadogo wakipukutika kagua kwanza vyombo vya maji.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo wengi tunapopotea. Mtagaji mzuri huchelewa kuanza, halafu anamwaga manyoya mengi kwa pamoja na anarudi kutaga haraka. Mvivu anaanza mapema na anadondosha moja moja. Mfungue bawa uone: manyoya makubwa ya nje huwa 10, na kila jipya linachukua kama wiki 6 kukua, kwa hiyo anayeangusha moja kila wiki mbili atamaliza karibu nusu mwaka wakati mwenzake aliyeangusha mengi kwa mkupuo anamaliza kwa miezi miwili mitatu. Ukiuza kwa kuangalia sura tu, unauza yule wa faida.

Lakini usiseme kila kipara ni kubadili manyoya. Anayebadili manyoya huanzia kichwani na shingoni kushuka chini, na ukipapasa unakuta vijiti vya manyoya mapya vinachomoza. Kama ni mgongo au mkia tu na manyoya yamekatika, hao wanadonoana, na utitiri na chawa watafute kuzunguka tundu la nyuma ya kuku, pale yai linapotokea.

Chakula ongeza protini, mimi natafuta chenye asilimia 18 hadi 20, soya na unga wa samaki vinasaidia. Chokaa ya ziada weka kwenye chombo cha pembeni, asiyetaga haihitaji. Na tafadhali msiwashikeshike, vile vijiti vina damu ndani na vinauma.

Kama unatotolesha, jogoo naye anabadili manyoya na mbegu zake zinapungua, kwa hiyo kusanya mayai ya kutotolesha mapema kabla hawajaanza.

Wakirudi, mayai yatakuwa makubwa, na ganda gumu kuliko yale ya mwisho kabla hawajaacha, ila idadi haifikii ya mwaka wa kwanza, hiyo iweke kwenye hesabu zako mapema. Mimi nikiona upanga unaanza kuwa mwekundu tena ndo narudisha chakula cha watagaji, taratibu, nachanganya kwa wiki nzima.