Linaloli kwenye losheni yako: kinachonisumbua mimi ni hewa

Ukifungua losheni ikakunukia lavenda, sehemu kubwa ya harufu hiyo ni linaloli. Imo pia kwenye mrehani na mbegu za giligilani. Viwanda navyo huitengeneza, na ya kiwandani huharibiwa na hewa kama ya mmea. Ndiyo maana neno "asilia" kwenye chupa halinitulizi hata kidogo.

Linaloli ikiwa mpya ni nadra kuamsha mzio. Ikikaa na oksijeni, hugeuka polepole kuwa kemikali ziitwazo haidroperoksidi, na hizo ndizo huichokoza ngozi. Mafuta yangu ya lavenda niliyapaka shingoni muda mrefu bila shida yoyote. Chupa ilipokaribia kuisha, nikatokwa na vipele vyekundu chini ya masikio, vinawasha hasa usiku. Daktari wa ngozi alinibandika vibandiko vya kupima mzio mgongoni, vikakaa siku mbili, kisha akasoma matokeo: linaloli iliyochakaa kwa hewa. Mzio wa namna hii ukishaingia, kwa kawaida hautoki, basi ni bora kuuzuia mapema.

Siku hizi nasoma lebo kuanzia mwisho, maana viungo vya manukato mara nyingi huandikwa huko. Tafuta Linalool. Umoja wa Ulaya unataka itajwe kwa jina ikizidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa inayobaki mwilini, au asilimia 0.01 kwenye ya kuoshwa kama shampuu. Tofauti hiyo ina maana: cha kusuuzwa hakikai na ngozi kutwa nzima.

Kama ngozi yako haina tatizo nayo, huna haja ya kuikimbia. Nunua chupa ndogo, yenye pampu badala ya mdomo mpana, ifunge kila mara na uiweke mbali na joto na jua. Harufu ikibadilika, tupa, hata kama imebaki nusu. Bidhaa mpya ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Mzio huu huchelewa kujitokeza, kwa hiyo kujaribu mara moja hakutoshi. Na mafuta ya lavenda yasiyochanganywa na chochote usiyapake moja kwa moja, nawasihi sana, hasa kwa watoto.

Vipele vikigoma kuondoka, nenda kwa daktari wa ngozi na makopo yenyewe, pamoja na ya shampuu na sabuni.