Pampu ya EFI kwenye Land Rover ya zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III fupi ya petroli aliyoniachia marehemu baba, iko Kondoa. Inakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Nataka kutoa kabureta niweke EFI (mfumo wa kompyuta wa kupulizia injini petroli) iliyofichwa, mtu akifungua boneti aone injini ileile ya mzee. Fundi wa hapa anasema pampu ni pampu, atafunga ya mtumba ya Toyota, mipira ya mafuta ibaki ya zamani, na mfumo utajirekebisha wenyewe. Nimkabidhi?

JIBU: Marahaba. Usimkabidhi.

Kuficha ndiyo kazi nyepesi. Throto bodi, yaani mlango wa hewa ya injini wenye nozeli za kupulizia petroli, inakaa palepale pa kabureta, mpira mpana wa hewa unarudi juu yake, kontroo boksi (kompyuta ya mfumo) inaingia chini ya dashibodi. Pole na msiba wa mzee. Gari lake litabaki na sura yake.

Kinachonisumbua ni hiyo kauli ya "pampu ni pampu", naisikia karibu kila wiki. Pampu ya mzee, ile inayosukumwa na kemshafti ubavuni mwa injini, haifikishi msukumo wa hata pauni 5 kwa inchi ya mraba. Throto bodi za namna hii zinataka pauni 43 hadi 58 hivi, yaani baa 3 hadi 4. Huo ni msukumo mkubwa kuliko upepo wa tairi zako, na unataka kuupitisha kwenye mpira uliozeeka kabla hujajifunza kuendesha! Petroli ya kabureta ikivuja inadondoka. Ya EFI inaweza kupuliza kama bomba la dawa ya pamba. Kwenye injini yako manifoldi (bomba lenye matawi) ya hewa imefungwa pamoja na ya ekzosi inayounguza, na tangi la Land Rover fupi liko chini ya kiti.

Gari moja lililetwa kwangu Dodoma kwa sababu ya harufu tu. Nikawasha swichi bila kupiga starta, nikamulika tochi. Pale klipu ya skrubu ilipoukata mpira, tone lilivimba, likaanguka, likavimba jingine. Chini yake ekzosi ilikuwa imeoshwa kutu yote. Na pampu haikunyamaza! Aliyeifunga alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye swichi, akaruka rilei, swichi ya umeme ambayo kontroo boksi huitumia kuikata pampu injini ikizima. Gari hilo lingepinduka na injini ikazima, petroli ingeendelea kumwagika mpaka tangi likauke.

Kwa hiyo: mpira mpya ulioandikwa EFI, klipu za mkanda laini zisizo na matundu, bomba la kurudisha mafuta tankini, na rilei inayoamriwa na kontroo boksi. Tangi lioshwe kutu kwanza, la sivyo nozeli zitaziba.

Kuhusu kujirekebisha: mfumo unasoma oksijeni kwenye ekzosi, basi. Gasketi ya ekzosi ikivuja kabla ya sensa, au plagi moja ikimisi, sensa inaona hewa nyingi, na kontroo boksi inaongeza petroli. Moshi wako utazidi. Huenda hata huo wa sasa ni jeti (vitundu vya petroli ndani ya kabureta) zilizopimwa kwa hewa nzito ya pwani tu: Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, na Kondoa ni juu zaidi. EFI inalipima hilo yenyewe, lakini jeti ndogo nayo inalitibu kwa bei ya chakula cha mchana.

Nanyi wengine mnaopandikiza injini za EFI kwenye pikapu za kabureta, fanyeni jambo moja leo. Washa swichi, usipige starta, sikiliza pampu. Haitakiwi kuvuma zaidi ya sekunde chache. Ikiendelea kuvuma, zima, chomoa waya wa betri, na gari hilo lisibebe mtu mpaka rilei ifungwe.