Doa halifutiki kwenye picha

SWALI: Mambo vipi fundi, nina kamera ndogo ya zumu, zile ambazo lenzi huwezi kuivua, sasa kila nikipiga picha ya mchana kuna doa la kijivu juu kushoto, nimefuta kioo mpaka nimechoka na bado lipo. Picha za usiku silioni. Tatizo nini?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Poa ndugu yangu. Hilo si la kioo cha mbele, ni vumbi limekaa kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Lenzi za kutoka na kuingia zinavuta hewa kama pampu ya baiskeli, na kwa upepo wa Dodoma wala sishangai. Hakikisha hivi: weka apacha, yaani tundu la mwanga kwenye lenzi, iwe ndogo, f/8 au f/11 (namba kubwa ndo tundu dogo), piga anga tupu, halafu fungua mpaka f/2.8 upige tena. La kwanza likikolea na la pili likififia ndo lenyewe, ndo maana usiku hulioni, gizani kamera inafungua apacha yenyewe.

Usipulize na kopo la hewa, utalisukuma ndani zaidi. Wapo wanaoweka mashine ya kufyonza vumbi mbele ya lenzi huku wanazumu, wengine wanafanikiwa ila mi siipendi, mota ya lenzi ni laini. Na usifungue mwenyewe aisee, kapasita ya flashi inatunza umeme wa volti kama 300 hata betri ikiwa nje. Garantii ikiwepo rudisha dukani, ikiisha tafuta fundi wa kamera (sio wa simu!) na uulize bei kwanza. Kwa sasa doa lifute kwa Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, unaligusa tu linapotea.