ULIZA MJOMBA: Usiku mmoja Bourbon Street, nianzie wapi?

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi niko Vwawa huku Mbozi, nafanya kazi za kahawa, sasa ofisi inanipeleka mafunzo Marekani mwezi wa nane, Baton Rouge jimbo la Louisiana, na wenzangu wawili wameshapanga kwamba jumamosi moja tushuke New Orleans tukale bata Bourbon Street maana ndo kiwanja chenye jina. Mi pombe sio mtu wake, bia moja imetosha, afu mama kasikia habari za lile gari lililogonga watu pale basi nyumbani ni maombi tu. Niende au nibaki nalala? Na nikienda nafanyaje nisipigwe hela? (Mpwa wako, Vwawa)

JIBU: Marahaba mpwa. Nenda bwana, ulale vipi na umefika Louisiana!

Tuanze na mama. Ile haikuwa ajali, alfajiri ya tarehe 1 Januari 2025 mtu aliingiza pikapu makusudi kwenye watu waliokuwa wanasherehekea mwaka mpya, wakafa 14. Usimwambie mama eti hamna kitu, atajua unamdanganya. Mwambie usiku hapo magari hayaruhusiwi, polisi wapo, na mko watatu, afu mpigie mkisharudi mlipofikia, saa sita usiku ya kule mwezi wa nane ni saa mbili asubuhi Vwawa, utamkuta ameshaamka zamani.

Sasa kiwanja chenyewe. Bourbon Street imenyooka kuanzia Canal Street mpaka Esplanade Avenue, vipande 13 ukihesabu kwa makutano, iko ndani ya French Quarter, mji wa zamani ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1718. Nyumba nyingi za mwanzo ziliungua kwenye moto wa 1788 na ule wa 1794, wakati huo Mhispania ndo anatawala, ndo maana zile baraza za juu na ua za ndani zina mkono wa Kihispania, kwaiyo tembea unaangalia juu pia. Upande wa Canal ndo kelele zote, taa, vilabu vya wacheza uchi, kila baa na mziki wake na zote zinapiga kwa mpigo. Ukizidi kwenda kule Esplanade panapoa, unakuta watu wanaishi, mtu kakaa mlangoni na mbwa wake.

Mimi nakwambia hivi, Bourbon ni ya kupita, sio ya kukaa. Fika jioni saa moja saa mbili hivi, tembea ucheke, ukitupiwa shanga kutoka barazani dakia uvae, afu kata kona uingie St. Peter uende Preservation Hall. Ipo tangu 1961, chumba kidogo kimechoka, unakaa benchi au hata chini kwenye mto wa kukalia, wanapiga jazi ya zamani kwa kama dakika 45 hivi, na pombe hawauzi kabisa. We ndo pako hapo! Tiketi mnunue mapema kwenye intaneti, msije mkasimama foleni nje na mmetoka mbali.

Mkitoka hapo tembeeni mpaka Frenchmen Street, ni ng'ambo ya Esplanade, kwa miguu mnafika. Huko vilabu vimebanana, Spotted Cat, d.b.a., Snug Harbor, unasimama barabarani unasikiliza kwanza afu unaamua uingie wapi, na mara nyingi kwenye kona kuna vijana na matarumbeta wanapiga bure. Sio bure sana, kuna ndoo pale mbele, tia dola zako, usirekodi video nzima afu ukaondoka kama hujaiona. Vilabu vingine kuingia hulipi ila lazima ununue kinywaji kimoja, na soda inahesabika.

Kuhusu kupigwa. Atakuja jamaa mchangamfu, anakwambia nabeti dola 20 najua viatu vyako umevipatia wapi. We unawaza, huyu alijue soko la Mwanjelwa pale Mbeya? Unakubali. Anakujibu umevipata miguuni mwako hapa Bourbon Street, na anataka hela yake hapohapo, wengine wanakupaka na mafuta ya viatu kabisa afu wanadai ya kung'arisha. Dawa ni kutosimama, tabasamu upite, usijibu hata salamu ya viatu (najua kwa malezi ya kwetu kutojibu salamu ni kazi).

Wenzako wakinywa waambie wawe makini na Hurricane ya pale Pat O'Brien's, ina ramu ya kutosha ila utamu wa pesheni unaificha, mtu anamaliza ya pili ndo miguu inamwambia. Kutembea na kinywaji mtaani kunaruhusiwa, ila kwenye glasi ya plastiki, chupa hapana. Umri ni 21 na wanaomba kitambulisho hata una mvi. Na kila kinywaji acha dola moja au mbili kwa anayekuhudumia, hiyo sio rushwa, ndo sehemu kubwa ya kipato chake.

Mavazi, mwezi wa nane kule ni Kyela ya masika, jasho mpaka usiku, koti la Mbozi liache Baton Rouge. Viatu vya kufunika tu, ndala sahau, ile lami usiku inalowa vitu nisivyotaka kuvitaja.

Halafu mtu wa kahawa hauwezi kurudi bila kupita Café du Monde, Decatur Street, wapo tangu 1862. Wanakuletea maandazi ya mraba matatu yamefukiwa na sukari ya unga (usivae nyeusi, na usipumue ukiwa umelishika), pamoja na kahawa ya maziwa iliyochanganywa na mzizi wa chikori uliokaangwa. Utakunja uso, najua, nyie wa Mbozi kahawa mkiwekewa kitu kingine mnaona mmetukanwa. Kunywa tu.

Kama mtalala huko, na mlale, jumapili mchana vukeni Rampart Street muingie Louis Armstrong Park muione Congo Square, pale ndo Waafrika waliokuwa watumwa walikuwa wanaruhusiwa kukutana jumapili kupiga ngoma, kucheza na kuuza vitu vyao. Mchana lakini, sio usiku.

Mwisho, usiku huohuo msirudi Baton Rouge, ni kama kilomita 130, na we mnywa soda ndo utakabidhiwa ufunguo, na Marekani wanaendesha kulia. Kataa!

SWALI: Ugonile mjomba. Naja Mbeya harusini mwezi wa saba, tukitoka ukumbini nataka nimpeleke mke wangu mtoko kidogo Mwanjelwa. Tujiandaeje? (Wa Kyela)

JIBU: Ndaga. Koti, tena mawili, na la kwake lisiwe la urembo tu maana Mbeya mwezi wa saba usiku baridi haicheki na mtu. Kuleni kwanza nyama ya moto ndo mengine yafuate. Bodaboda na gauni la harusi haviendani, chukueni bajaji, mkubaliane bei kabla hamjapanda na mbaki na namba ya dereva ya kuwarudisha.