Babu alikuja kukata mkonge akaoa hapa, sasa historia yake tunaipataje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Babu yetu amefariki mwaka jana mwezi wa Ramadhani. Alikuwa Muha wa Kasulu, alikuja Tanga akiwa kijana kama manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, akamuoa bibi ambae ni Mbondei wa hapahapa Muheza, na hakurudi tena kwao. Wajukuu tumekubaliana tuandike maisha yake na ndoa yao ili watoto wetu wajue wametoka wapi. Shida hakuna anaejua miaka, bibi kavuka 80 na ukimuuliza anasema "zamani hizo" basi. Alafu siku ya msiba kuna mzee mmoja Muha alisema babu aliacha mke na mtoto Kasulu, baba mkubwa akamkatisha palepale na mpaka leo hataki lizungumzwe. Nimuulize bibi au niache? Na bila miaka tutaandika nini?
Mjukuu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Barua yako imenigusa, maana wazee waliokuja na mkataba wa mkonge wanaondoka mmoja mmoja na wengi wao jina lao halikuandikwa popote zaidi ya vitabu vya mishahara vya mashamba.

Kwanza acha kumuuliza bibi mwaka. Yeye hana miaka, ana mambo yaliyotokea, sasa wewe muulize mambo na miaka utaitafuta mwenyewe. Mfano, babu aliwahi kumhadithia alifikaje Tanga? Treni ya Kigoma ilikuwa inaenda Dar es Salaam, na reli ya Tanga ilikuwa peke yake huku, hazikuungana mpaka kipande cha Ruvu na Mnyusi kilipokamilika 1963, kwahiyo kama babu alisema walishushwa kwenye treni wakapakiwa malori mpaka shambani basi inaelekea alikuja kabla ya hapo. Muulize pia nani alimwandikisha, kama anataja SILABU hiyo ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944, kazi yake kutafuta watu mbali, Kigoma, Songea, Njombe huko, na kuwaleta kwa mkataba.

Mahari ililipwa kwa hela gani? Akikwambia zile senti za tundu katikati na shilingi zenye kichwa cha mfalme, basi ni hela za zamani, maana shilingi ya Tanzania yenyewe imeanza 1966. Uhuru ulipokuja Desemba 1961 alikuwa ana mtoto mgongoni au bado msichana kwao? Mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967 walikuwa bado wanakaa kambini au washajenga? Na muulize dansi mwanangu, usione aibu, Tanga ya miaka ya 60 ilikuwa Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, nimeona wazee waliokaa kimya mwaka mzima ukiwatajia bendi wanaanza kuongea wenyewe na hawanyamazi.

Alafu fungueni sanduku la babu kabla mtu hajachoma makaratasi. Tafuteni kadi ya TANU, kadi ya chama cha wafanyakazi, na karatasi zozote za NPF, ule mfuko wa akiba ulioanzishwa 1964 ambao baadae ukaja kuwa NSSF. Mkikuta kipande chake, ile kadi ya kazi ya shambani, mshukuruni Mungu. Kile kilikuwa cha siku 30 za kazi, na kwa kawaida mtu alitakiwa azimalize ndani ya siku 42, kila siku aliyomaliza kazi yake inawekwa alama, kwahiyo hapo utamuona babu yako kabisa, wiki gani alikata mkonge na wiki gani hakutokea. Pengine hiyo wiki ndio alikuwa anahangaikia posa, ulinganishe na maneno ya bibi.

Na hapo kwenye posa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kote. Fikiria mwenyewe, kijana yuko peke yake, hana baba huku, hana mjomba, wenyeji wengi wanawaona manamba ni watu wa kupita, mkataba ukiisha anapanda treni anaondoka na binti yao anabaki na watoto. Sasa nani alienda kumposea? Nani alikuwa mshenga? Kilemba kilipokelewa na nani upande wa bibi, na mkaja wa mama ulitolewa au ulidaiwa mpaka lini? Mara nyingi waliosimama kama wazazi walikuwa wazee wa kabila lake waliopo kambini, au hata mnyapara, na hao waandikeni kwa majina kwa sababu ndio waliokuwa ukoo wa babu yako huku Tanga. Muulize bibi nae kwanini alikubali. Watu wanaandika ndoa kama vile mwanaume alienda dukani akachukua, kumbe bibi nae alikuwa na macho, alikuwa na kwao, labda alikataa wengine, na kama nae alifanya kibarua cha kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, basi hayo ni maisha yake na yaandikwe kama yake, sio kama maelezo ya babu.

Sasa hilo la Kasulu. Muulize. Ila muulize ukiwa nae peke yako, sio mbele ya watoto wake. Wewe ni mjukuu, kwa bibi yako wewe ni mume mdogo, una ruhusa ya utani ambayo baba yako na baba mkubwa hawana, mtoto hawezi kumuuliza mama yake habari za mke mwenzie lakini mjukuu anaweza kusema "bibi, mwenzangu alikuwa na mwingine huko?" na akajibiwa. Mimi naamini bibi anajua, mwanamke hakai na mtu miaka yote hiyo asijue. Akikwambia yaache, yaache siku hiyo, usimkabe.

Na msiyaandike kama kashfa. Wanaume wengi waliokuja mkonge waliacha wake nyumbani, hawakuruka ukuta usiku, walienda kutafuta hela ya kodi na mahitaji, wengine wakarudi wengine wakashindwa, barua yenyewe mpaka umpate wa kukuandikia. Lakini yule mama aliebaki Kasulu nae alisubiri, na mtoto wake alikua bila baba, hilo nalo liandikwe vilevile kwa heshima. Mkimfuta yeye mtakuwa mmeandika nusu ya babu.

Kuhusu baba mkubwa, nadhani kinachomtisha ni mirathi zaidi ya aibu, na hapo naongea wazi: mtoto wa Kasulu kama yupo ni mtoto wa marehemu kama yeye. Kama bado hamjakaa kikao cha ukoo kuteua msimamizi na kwenda Mahakama ya Mwanzo, basi semeni ukweli mapema, kwa sababu mrithi aliefichwa akitokea baadae ndio kesi zinaanza na nyumba zinauzwa. Usimwambie wewe kijana, mtafute shangazi yenu mkubwa au imamu aliemzika babu, huyo atamsikia.

Rekodi kwa simu lakini andika pia kwenye daftari, na kila mkimaliza msomee bibi aseme kipi kibaki kipi kitoke. Na yule mzee Muha wa msibani mfuate wiki hii hii, nae ni mtu mzima, muulize kijiji cha babu kinaitwaje na ni nani wa ukoo wake bado yuko huko.