Shangazi wa Bustani: Chini kunachipua, juu kunadumaa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilinunua kaktasi kwa wauza maua wa barabarani, ile yenye kichwa kilichojikunjakunja kama upanga wa jogoo, ya kijani yenye ukingo wa waridi. Muuzaji alisema haina shida, hata mvivu anaiweza. Sasa kwenye shina chini yamechipua majani mapana, mazuri kweli, lakini kule juu kumedumaa na pembeni pana doa la kahawia. Namwagia kikombe kimoja kila asubuhi. Halafu nina mtoto ameanza kutambaa, je, mmea huu una sumu?
Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo majani mazuri yang'oe leo hii.

Ulichouziwa ni mimea miwili. Upanga wa juu ni Euphorbia lactea, na shina lililoubeba ni ndugu yake, Euphorbia neriifolia. Wamebebeshwa, kama wakulima wanavyobebesha mchungwa juu ya mlimao. Upanga hukua polepole mno. Shina lile lina nguvu, na likishapata matawi yake mwenyewe halina tena sababu ya kumlisha aliyebebwa. Inama utazame chini kidogo ya kichwa, utaona kovu limezunguka shina. Kinachochipua chini ya kovu hilo kitoe kingali kichanga, usisubiri kipendeze.

Doa la kahawia libonyeze kwa kidole gumba. Likiwa gumu na kavu kama gome, liache, hasa likiwa karibu na kovu. Ni uzee tu. Likibonyea na kutoa maji, huo ni uozo, na kikombe chako cha kila asubuhi ndicho kilichouleta. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, ukate mpaka ufikie nyama safi isiyo na doa, kisha nyunyiza unga wa mkaa na usimwagie mpaka kidonda kikauke kabisa. Uozo ukishaingia kwenye kovu lenyewe, mwanangu, hapo hakuna dawa. Okoa kipande kizima cha juu ukibebeshe upya.

Maji: choma udongo kwa kijiti cha mshikaki. Kikitoka na udongo umeganda, umwache. Kikitoka kikavu mpaka chini, mwagia mpaka maji yatokee tunduni, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Masika yakianza, sogeza chungu barazani. Udongo nusu yake uwe mchanga wa chenga au changarawe ndogo, na chungu kiwe cha kufinyanga, si kile cha plastiki kinachong'aa. Kama muuzaji alikugandishia mawe kwa gundi juu ya udongo, yabandue; huko chini hakukauki. Jua la asubuhi linamtosha. Na kwenye mikunjo ya upanga pekua ukitafuta vidung'ata, wale wadudu kama pamba. Wasugue kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti.

Kuhusu mtoto: ndiyo, una sumu. Wanauita kaktasi, lakini ukoo wake ni wa mnyaa, ule tunaopandia ua, na utomvu wake mweupe unajulikana. Kata ukiwa umevaa glavu na miwani. Utomvu ukigusa ngozi, nawa kwa sabuni. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali moja kwa moja. Maziwa ya mama msimtie mtu jichoni, hata bibi akisisitiza. Chungu kiweke juu ambako mtoto hafiki, na si kwenye stuli anayoweza kuivuta.

SWALI: Shangazi, kaktasi yangu ndefu ya getini, ya nguzo, ncha yake imetanuka ghafla kama feni. Jirani anasema imelogwa, niikate. Nifanyeje?
Baba wa Nakuru

JIBU: Mwambie jirani apumzike. Kwa kawaida ncha ya shina hukua kutoka nukta moja. Nukta hiyo ikitanuka ikawa mstari, shina hutanuka nalo na kujikunja. Wakati mwingine ni jeraha au wadudu, wakati mwingine ni mabadiliko ya urithi, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Hata zile kaktasi kubwa ziitwazo saguaro, za jangwa la Arizona, huko Marekani, baadhi yake hufanya hivyo, na watu husafiri kwenda kuzipiga picha.

Usikate. Kazi yako ni moja: pembeni mwa feni likichomoza tawi la kawaida, lililonyooka, liondoe mapema, kwa sababu linakimbia kuliko feni na litaifunika. Ukitaka kumgawia mtu, mpe kipande cha feni akibebeshe. Mbegu zake kwa kawaida hutoa nguzo tu.